Ukurasa wa Arobaini na Moja

Kitabu kilikuwa kizito kuliko kawaida. Msichana aliyeitwa Kidole alikitoa chini ya kaunta kama alivyokitoa kila asubuhi, mkono mmoja umeshika kikombe cha chai, akakiweka juu ya meza ya kuchanganyia na kukifungua. Akakuta namba. Namba tupu, na chini ya kila namba kibandiko cha rangi moja, vimepangwa kama wanafunzi mstarini.

"Mungu wangu," alisema, na chai ikamwagika.

Hiki kilikuwa kitabu cha sampuli cha duka, kile ambacho wateja hupewa waende nacho nyumbani wakachague rangi ya kuta zao. Chake hakikuwapo. Alitafuta nyuma ya ndoo za lita ishirini, akatafuta kwenye rafu ya brashi, akapekua hata pipa la matambara ambamo hakuna mtu mwenye akili zake angetia kitabu. Hakuna.

Ili ujue kwa nini msichana huyu alichanganyikiwa hivyo, lazima kwanza ujue kilichokuwamo ndani ya kitabu kile.

Kazi yake ilikuwa kuchanganya rangi. Mteja akija na kipande cha kitambaa, au ganda la yai, akasema nataka kama hivi, ni yeye aliyekoroga, akaongeza tone, akakoroga tena, kisha akachovya kidole na kukigandamiza juu ya kifuniko cha kopo ili mteja aone rangi itakavyokuwa ikikauka. Alama hiyo ndiyo iliyompa jina. Mtaa mzima ulimwita Kidole, na hata dada yake aliyemlea alishaanza kulisahau lile la kuzaliwa.

Sasa, kila mchanganyiko hubakiza. Vijiko viwili vya bluu chini ya kopo, tone la njano kwenye kijiti. Miezi miwili nyuma Kidole aliyatazama mabaki hayo akaona huruma kuyasuuza. Akanunua kitabu cha kuchorea chenye karatasi nene na jalada jeusi, kilekile wanachotumia dukani kwa sampuli, kwa kuwa karatasi zake hazijikunji zikilowa. Akajiwekea masharti mawili. Kila siku ukurasa mmoja, kabla mlango wa duka haujafunguliwa. Na asichore kitu chenye jina. Si nyumba, si ua, si ndege. Rangi tu, ziende zinakotaka.

Siku za mwanzo zilikuwa za aibu. Ukurasa wa kwanza ulifanana na tope. Wa pili mkono ulimponyoka akachora kikombe, akakifuta haraka kwa tambara, na lile doa la tambara likawa zuri kuliko kikombe chenyewe. Alilitazama sana doa lile. Kuanzia hapo alichora kwa kidole, kwa tambara, kwa ukingo wa kifuniko, na kila asubuhi aliamka kabla ya jogoo wa jirani, roho inamdunda, akijiuliza leo itatoka nini. Hata Jumapili, duka likifungwa, aliondoka nacho. Shule aliishia darasa la saba, na mbele za watu maneno yalimpiga chenga. Kwenye karatasi ile hakukuwa na neno la kumpiga chenga.

Ila alikuwa na tabia moja. Nyuma ya kila ukurasa, kwa penseli, aliandika mstari mmoja au miwili, asije akasahau siku hiyo ilikuwaje. Kurasa zilikuwa sitini na tatu. Na mistari mingi mno ilimhusu mtu mmoja.

"Mbona unahema kama umekimbizwa?" Mzee mwenye duka aliingia, miwani yake ikiwa pale inapokaa siku zote, kwenye paji la uso.

"Mzee, kitabu changu kiko wapi?"

"Si hicho hapo mbele yako?"

"Hiki ni cha duka. Changu jana nilikianika pale dirishani kikauke. Jioni nikabeba cheusi nilichokikuta, nikakisukumia chini ya kaunta bila kukitazama."

Mzee alishusha miwani. Alitazama dirisha, akatazama kitabu, akamtazama Kidole.

"Ahaa. Basi kile nilichompa Ngazi kilikuwa kipi?"

Kidole alikaa juu ya ndoo.

"Ulimpa nani?"

"Ngazi. Ulikuwa uani unaosha brashi. Alikuja mbio, anasema mama yake anataka kuchagua rangi ya sebule. Nikampa kitabu. Nyie watu wa rangi vitabu vyenu vyote vyeusi, mimi nitajuaje?"

Angempa fundi bomba. Angempa yule mama wa saluni. Angekitupa barabarani! Kati ya watu wote wanaopumua, kitabu kilikuwa mikononi mwa yule aliyeandikwa ndani yake.

Ngazi alikuwa fundi rangi. Aliitwa hivyo kwa urefu wake, na kwa kuwa haikupita siku usimwone na ngazi begani. Alikuwa na sauti ya chini, macho ya kucheka, na madoadoa meupe kwenye nyusi ambayo hakuna sabuni iliyowahi kuyaweza. Alikuja dukani karibu kila siku kununua kopo la nusu lita. Akishachukua, alisimama kidogo kama aliyesahau jambo, akasema "haya basi," akaondoka. Hiyo "haya basi" Kidole aliishi nayo mpaka kesho yake.

"Mzee, mimi nikimbie nyumbani. Sema naumwa."

"Unaumwa nini?"

Hakupata nafasi ya kujibu. Nje kulisikika kishindo cha ngazi ikigonga ubao wa duka, kama inavyogonga kila siku, na sauti ikiuomba ubao radhi. Kisha akaingia, anahema, uso mzima umewaka.

"Kidole! Mama amechagua!"

Kidole alisimama, akakaa, akasimama tena.

"Amechagua nini?"

"Rangi! Wiki tatu nambembeleza. Hii imepauka, hii ina kelele, hii kama hospitali. Jana nimempelekea kitabu chenu, amekaa nacho mezani mpaka chai ikapoa. Nikimsogelea, anakifunika kwa mkono. Asubuhi hii ananiambia, nenda kawaambie nataka ya arobaini na moja, na sitaki nyingine."

"Kurasa zile hazina namba."

"Amezihesabu mwenyewe! Mama yangu huyo, ambaye hata mchele hapimi." Alicheka, halafu akagundua kwamba mwenzake hacheki. "Kuna nini?"

"Wewe ulikifungua?" Kidole aliuliza taratibu. Alikuwa anamwangalia machoni, jambo ambalo kwa kawaida hakuthubutu kulifanya kwa zaidi ya hesabu ya tatu. "Niambie ukweli, fundi. Ulikifungua?"

"Ule wa kwanza tu. Nikaona tope, nikajua mzee kanipa kitabu cha kufutia brashi. Nilitaka kurudi, Mama akaninyang'anya."

"Tope?"

"Nimesema vibaya?"

"Kile kitabu ni changu," Kidole alisema. "Ninachora kila siku. Na ile si tope. Ni siku yangu ya kwanza."

Ngazi aliiteremsha ngazi begani polepole, akaiegemeza ukutani.

"Chako," alisema. "Unachora kila siku, na mimi nimekuja hapa kila siku, sikujua." Alijifuta mikono kwenye suruali kama anayetaka kusalimia mkwe. "Unachora nini?"

"Sichori kitu."

"Kila siku unachora, na huchori kitu?"

"Kitu hakina jina. Ni... ni kama ukifumba macho baada ya kutazama jua. Unaona rangi zinatembea. Huwezi kumwambia mtu umeona nini, lakini umeona."

Alishangaa jinsi maneno yalivyotoka yenyewe. Ngazi alikuwa anamtazama kama mtu aliyepita mlango mmoja miaka yote, leo akagundua kuwa ndani kuna taa.

"Nataka kuziona zote," alisema.

"Hapana!"

Mzee mwenye duka, aliyekuwa anajifanya anapanga misumari, aliangusha mmoja.

"Hiyo sebule," Kidole alidaka haraka kubadili habari, "mbona mama ana haraka hivyo?"

Furaha ya Ngazi ikapungua kama taa iliyoshushwa utambi.

"Jumamosi kuna wageni."

"Wageni gani?"

"Rafiki yake Mama. Na mume wake." Aliikuna rangi iliyoganda kwenye ukucha. "Na binti yao. Yule nesi."

Hapakuwa na haja ya kueleza zaidi. Siku ilikuwa Alhamisi. Mtu hapaki sebule rangi mpya kwa siku mbili ili binti wa watu aje kunywa maji. Kidole alishika kijiti cha kukorogea na kuanza kukoroga kopo lililokwisha kukorogwa.

"Na wewe unasemaje?" aliuliza, macho yakiwa ndani ya kopo.

"Mimi nimeulizwa na nani? Nilimwambia Mama ngoja kwanza. Ananiuliza nangoja nini. Nikakosa la kusema, kwa sababu ninachongoja..."

"Anachongoja ni nini, hebu na mimi nisikie!"

Mlangoni alisimama mwanamke mfupi, mnene kiasi, futi ya kupimia nguo inaning'inia shingoni na pini mbili zimechomekwa kwenye ukosi. Kwapani alibana kitabu cheusi. Huyu alikuwa mama yake Ngazi, fundi cherehani wa miaka thelathini, mwanamke aliyeweza kukuambia uzi huu na kitambaa hiki si ndugu, akiwa upande wa pili wa barabara.

"Shikamoo Mama," Kidole alisema. Sauti ilitoka nyembamba.

"Marahaba. Wewe ndiye Kidole?"

"Ndiyo, Mama."

"Lete hicho kidole nikione."

Kidole alitazama huku na huku. Akanyoosha mkono. Mama aliushika kama anavyoshika mkono wa mteja anayepimwa, akaugeuza kwenye mwanga wa mlango, akainama karibu kabisa. Katikati ya ncha ya kidole kulikuwa na kovu jembamba. Kifuniko cha bati kilimkata mwaka alioanza kazi.

"Ndicho," Mama alisema, akauachia mkono. "Nilijua. Kovu limepita katikati kama mshono."

"Mama, umefuata nini huku?" Ngazi aliuliza. "Si umenituma mimi?"

"Wewe nyamaza, zamu yako inakuja." Alikiweka kitabu mezani, akakaa juu ya ndoo bila kukaribishwa. "Binti, mimi kusoma napenda. Gazeti lililofungiwa maandazi nalisoma mpaka mwisho. Jana nimeletewa kitabu nichague rangi. Nafungua, rangi zinanitazama. Nikasema hii si sampuli, hii ni kitu kingine. Sikuijua ni nini, lakini nilishindwa kukifunga. Kisha karatasi moja ikageuka, nikaona kuna maandishi nyuma."

Damu yote ya Kidole ilikimbilia masikioni.

"Mama, naomba..."

"Nimesoma zote."

"Zote?"

"Sitini na tatu."

Ngazi aliangalia huku, akaangalia kule. "Maandishi ya nini? Jamani, kuna maandishi?"

"Kuna maandishi," alisema Mama, akafungua kitabu palipokunjwa pembe, akakiinua juu kuwaonyesha. "Huu ndio wa arobaini na moja. Hebu tazama wewe, uliyeona tope."

Ngazi alitazama. Ukiwa mbali, ukurasa ulikuwa na rangi moja, ya joto, ambayo huwezi kusema ni njano wala ni waridi, kama ngozi ya tunda lililoiva upande mmoja. Alisogea hatua. Ile rangi moja ikavunjika, zikawa tano. Kijani kilichungulia chini ya njano. Chembe za bluu zilikaa mahali ambapo hukutegemea kabisa kuona bluu, na juu ya vyote, alama za kidole, mamia, moja juu ya nyingine, kama vile mtu alikuwa anakimbia kwa furaha na karatasi ikahifadhi nyayo.

"Kidole," alisema kwa sauti ndogo. "Hii umefanya wewe?"

"Geuza," Mama alimwambia. "Soma kwa sauti, nilisahau miwani." Uongo mtupu. Miwani ilikuwa kwenye mkoba wake, kamba inaonekana.

"Fundi, usisome," Kidole alisema.

Ngazi alisimama na kitabu mkononi. Alikifunga.

"Sisomi," alisema. "Si changu, Mama. Mwenyewe amekataa."

Akamkabidhi Kidole kitabu chake, kwa mikono miwili.

Hapo ndipo Kidole aliposhindwa. Miezi yote alikuwa anangoja, anatazama, anahifadhi, na kuingojea siku ambayo angekuwa tayari. Sasa aliutazama ule mkono wa kulia na ule wa kushoto iliyolishika jalada, akaona kuwa siku yenyewe ni hii, iwe tayari isiwe tayari. Alifungua ukurasa, akageuza, akasoma mwenyewe, bila kukwama hata neno moja:

"Jumanne. Leo amelipokea kopo kwa mikono miwili. Vidole vyetu viligusana. Sikunawa mpaka jioni."

Nje mtu alikuwa anapiga misumari kwenye bati, akaacha, akaanza tena.

"Ni mimi?" Ngazi aliuliza. "Huyo, ni mimi?"

"Kwani ngazi inayogonga ubao wetu kila siku ni ya nani?"

"Mama," Ngazi alimgeukia mama yake, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa ameshinda kitu ambacho hakumbuki kukichezea. "Mama, ni mimi!"

"Nimesikia, mimi si kiziwi. Sasa zamu yako." Mama alivuka mguu. "Binti, nikuambie na upande wa pili, usije ukadhani mwendawazimu uko peke yako. Juzi nafagia chumba cha huyu. Naingiza ufagio chini ya kitanda, hauingii. Nachungulia, nakuta makopo. Madogo. Thelathini na nane. Yamejaa, hayajafunguliwa hata moja. Na kila kifuniko kina alama ya kidole chenye kovu katikati."

"Mama!"

"Hayo makopo ni ya nini?"

"Ya... ya kazi."

"Kazi gani? Nusu lita inapaka nini, kucha?"

Mzee mwenye duka alicheka mpaka akashika rafu. Kidole alifunika mdomo kwa mikono yote miwili, na juu ya mikono hiyo macho yake yalikuwa yamejaa maji na kicheko kwa pamoja.

"Ulisema ni ya madirisha," alimwambia Ngazi.

"Nilisema."

"Ukasema ni ya mageti. Ukasema kuna mteja ana mageti mengi."

"Sina mteja mwenye mageti," Ngazi alisema. "Nilikuwa nataka kukuona ukichovya kidole. Ukishagandamiza kile kifuniko, nikawa siwezi kukifungua. Nikikifungua nitaiharibu alama. Basi nikawa naweka." Alivuta pumzi. "Nayapanga kwa siku. Najua lipi ni la Jumanne ile."

Walitazamana. Kidole hakuhesabu mpaka tatu, hakuhesabu kabisa. Kama huyo mpiga misumari aliendelea kupiga, hawakumsikia.

"Haya, inatosha, mimi bado nipo," Mama alisema, akasimama, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nimecheka, lakini sikuja kucheka. Nimekuja kwa rangi. Jumamosi nina wageni. Rafiki yangu tumesuka nywele pamoja tangu wasichana. Binti yake amesoma, ana kazi yake, ana adabu. Nilishatoa neno langu kwamba waje waonane. Siwezi kumwambia rafiki yangu geuza, mwanangu anahifadhi makopo."

"Mama, waambie wasije," Ngazi alisema.

"Unasemaje?"

"Waambie wasije. Yule dada sina ubaya naye, ndiyo maana sitaki aje akae kwenye kochi, anitazame, na mimi niwe nauangalia mlango. Nitakuwa namdhulumu."

"Na aibu yangu?"

"Nitaibeba mimi. Nitaenda kwao mwenyewe kuwaomba radhi."

Mama alimtazama mwanawe kutoka nyayo mpaka kwenye nyusi zenye madoa, kama anayepima nguo iliyombana ghafla. Kisha akamgeukia Kidole.

"Na wewe? Umekaa kimya. Nichanganyie rangi yangu, ndoo mbili. Mengine nitayamaliza na mwanangu nyumbani."

Hapo, msomaji, angekuwa Kidole wa juzi angesema ndiyo Mama, akachukua kijiti. Alikipapasa kweli. Akakiweka chini.

"Hapana, Mama."

"Hapana nini?"

"Rangi ile nitakutengenezea kwa mikono yangu, wala sitaki asante. Lakini si kwa wageni wa Jumamosi. Mimi siwezi kupaka siku yangu kwenye ukuta, halafu mtu mwingine aje aposwe mbele yake." Alikisogeza kijiti kando. "Unisamehe, Mama. Nimesema kwa heshima."

Mzee mwenye duka alisahau misumari yote.

"Basi nitakwenda duka lingine," Mama alisema. "Wana mashine. Wanapima kwa kompyuta."

"Nenda, Mama. Mashine yao ni nzuri. Ila Jumanne ile hawana."

Mama alikifungua tena kitabu, akapitisha kiganja chake juu ya ukurasa wa arobaini na moja, taratibu, kama anavyopitisha juu ya kitambaa cha gharama kabla ya kuthubutu kukikata.

"Wewe umesoma mpaka wapi?" aliuliza.

"Darasa la saba."

"Mimi la tano." Aliendelea kupapasa. "Mama mkwe wangu alinikataa kwa hilo. Nikamshonea gauni, akalivaa miaka kumi na moja." Akakohoa. "Hii mtu anaipakaje ukutani? Ukisema kopo moja, haiwi."

"Haiwi," Kidole alisema, na ghafla alikuwa amesahau woga, alikuwa kazini. "Ni tabaka tano. Kwanza kijani, kikauke nusu. Halafu njano, inafuatwa na tambara kabla haijashika. Bluu ni ya kudonyoa tu. Lazima watu wawili, Mama. Mmoja yuko juu anapaka, mwingine yuko nyuma yake anafuta, hapohapo, wasiachane hata dakika, la sivyo itaganda."

"Wasiachane," Mama alirudia, akamkazia jicho.

"Ndiyo kazi yenyewe ilivyo," Kidole alisema, akaangalia chini.

"Na inakauka lini?"

Ngazi alifungua mdomo aseme siku mbili, maana ndiyo ukweli wa kifundi. Mzee mwenye duka alimkanyaga mguu.

"Aah, tabaka tano," alisema mzee, akipandisha miwani. "Hiyo ni kazi ya kungoja. Haina haraka hiyo."

Mama aliwatazama wote watatu, mmoja mmoja. Akatoa simu kwenye mkoba, akavaa miwani aliyokuwa ameisahau, akabonyeza.

"Haloo, shoga yangu. Salama... Sikiliza, kuhusu Jumamosi. Nimekwama. Sebule nzima inapakwa, kuta mbichi, watoto wa watu watachafuka nguo bure... Eeh... Hapana, hata ile Jumamosi nyingine siahidi." Alisogea mlangoni, akawageuzia mgongo wote waliokuwa wanasikiliza, lakini sauti hakuishusha. "Nitakuja mwenyewe tuzungumze vizuri, kuna mambo si ya kusema kwenye simu. Ila nikuambie kweli, shoga yangu. Huu ukuta sidhani kama utakauka."

Alikata simu. Alivuta pumzi kama mtu aliyetua mzigo, na hapohapo akaukumbuka mwingine.

"Msinitazame hivyo. Sijasema nimekubali. Nimesema ukuta." Akatoka. Baada ya hatua tatu akarudisha kichwa. "Kesho saa mbili asubuhi mwanze. Na mikono mkanawe kabla hamjagusa makochi yangu, hasa wewe usiyenawa mpaka jioni!"

Alipokwisha kupotea, Mzee mwenye duka alikumbuka ghafla kwamba ana jambo uani.

Wakabaki wawili na ngazi. Kwa muda hawakujua wafanye nini na furaha kubwa kiasi kile ndani ya duka dogo. Ngazi alicheka, akaacha, akacheka tena. Kidole alifungua kitabu mahali palipokuwa bado peupe.

"Leo sijachora," alisema. "Hii ingekuwa siku ya kwanza kuruka."

"Usiruke." Alisogea karibu, mabega yakagusana, na hakuna aliyeondoa lake. "Nami nichore?"

"Unaweza?"

"Nipe sharti."

"Usichore kitu chenye jina."

Kulikuwa na mabaki ya waridi chini ya kopo, na njano kidogo kwenye kijiti. Kidole alichovya kidole chake, akakigandamiza katikati ya karatasi. Ngazi alichovya chake, kinene, chenye sugu ya brashi, akakiweka pembeni ya kile cha kwanza, karibu sana, mpaka rangi mbili zikaanza kuingiliana pale zilipogusana, polepole, bila mtu kuzisukuma. Waliinama wote wawili kuzitazama. Ilikuwa nzuri kuliko ya arobaini na moja, na haikuwa na la kueleza.

Ilipoanza kushika, Kidole aligeuza karatasi kwa uangalifu, akatafuta penseli yake nyuma ya sikio. Kisha akabadili mawazo. Akampa yeye.

Ngazi alifikiri sana. Akaandika kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuandika kwenye kuta, na Kidole akasoma juu ya mkono wake:

"Alhamisi. Ukuta bado mbichi. Mungu atusaidie usikauke."